Ng'ombe Walipoingia Kwenye Kompyuta

Mtu akiniuliza leo mradi wa kompyuta hupangwaje, nitamjibu bila kusitasita, maana nilifundishwa siku mbili mfululizo katika hoteli moja ya Malindi, ingawa chakula cha hoteli hiyo ninakikumbuka kuliko mafundisho yenyewe. Kwanza unawauliza watumiaji wanataka nini. Pili unaandika walichosema. Halafu unaunda, unajaribu, na mwisho unauendesha mfumo mpya sambamba na ule wa zamani mpaka uhakikishe kwamba mpya haudanganyi. Mtaalamu aliyetufundisha alitoka Nairobi, bwana mpole mwenye miwani, na alichora ubaoni visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Nilinakili kila mshale kwa rula. Daftari langu la semina lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote mle ukumbini, na nililionea fahari.

Watumiaji tulioulizwa tulikuwa sita. Alikuwepo bosi wetu, nilikuwepo mimi karani wake, na wengine wanne walikuwa watu wa ofisi jirani waliosikia kuna semina Malindi. Mfumo wenyewe ulikuwa wa ng'ombe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ng'ombe. Mimi ni mzaliwa wa Wenje, mtoto wa mkulima. Kwetu tulikuwa na migomba na miembe, na ng'ombe tuliwajua kama wale wanaokuja kula mahindi yetu. Bosi alikuwa amewahi kununua mbuzi wa Krismasi. Kwa sababu hiyo, kwenye ripoti ya mtaalamu, aliandikwa kuwa mwakilishi wa wafugaji.

Haya yalikuwa baada ya zile mvua za El Nino, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mto Tana ulitoka kwenye njia yake ukatembea nyikani kama mwenye nchi. Mifugo ya Waorma, wafugaji wa bonde lile, ilitawanyika. Mingine ilikufa, mingine ikavuka ikaelekea upande wa Witu, mingine ikaibukia kwenye mashamba ya watu wasioijua. Maji yalipopungua, kila mnyama aliyeokotwa bila mwenyewe aliletwa Garsen, katika zizi kubwa la miti ya mkoma nyuma ya ofisi yetu, angoje mwenye mali aje kumtambua. Asiyetambuliwa baada ya muda wake aliuzwa siku ya soko, kwani majani ya kuwalisha hayakuwepo.

Zizi lilikuwa na mlinzi, mwanamume wa Kiorma wa makamo, mwembamba, mkali wa maneno. Hakujua kusoma wala kuandika, na hakuonekana kusikitishwa na jambo hilo. Ng'ombe akipita mbele yake mara moja, hata kama ni mwaka uliopita, alimkumbuka. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Mwenye mali alikaa kwenye benchi, akaeleza mnyama wake, mlinzi akatafsiri, nami nikaandika kwenye daftari: jike, rangi ya majivu yaliyolala, tumbo jeupe, mabaka madogo kwenye paja la kushoto, pembe moja imeinama mbele, sikio la kulia limekatwa ncha, akiitwa huitika. Ng'ombe mmoja alikula nusu ukurasa. Mkono uliniuma, na nilinung'unika kila siku kwamba watu hawa wana maneno mengi kuliko mifugo. Hata hivyo sikumbuki mtu aliyepewa ng'ombe asiye wake.

Jambo moja hawakulisema kamwe, nalo ni idadi. Unaweza kumweleza mnyama wako mmoja baada ya mwingine mpaka jua lizame, hakuna ubaya. Kuwajumlisha ndiyo mwiko. Ukitaja hesabu ya ng'ombe wako, au ya watoto wako, umeonyesha jicho baya mahali pa kutua, na watapungua. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, kama ilivyo kwa kila mtu aliyekulia kando ya mto ule. Pale Malindi, tulipoulizwa kama kuna la kuongeza, nilikuwa nimeshika paja la kuku, na nikatikisa kichwa kwamba halipo.

Kompyuta ilifika Garsen juu ya lori, katikati ya magodoro. Chumba chake kilipakwa rangi, kikafungwa pazia, na mlangoni pakawekwa agizo la kuvua viatu. Mke wa bosi aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Mimi nilipewa kiti cha magurudumu, cha kwanza nilichowahi kukalia maishani, na siku za mwanzo nilikuwa nikiviringika kutoka mezani hadi dirishani bila sababu yoyote ya kikazi. Marafiki zangu walikuja kuchungulia. Kichwa kilinivimba kabisa, sifichi.

Mfumo wenyewe ulikuwa na ukurasa mmoja wa kujaza. Jina la mwenye mali. Jinsia ya mnyama. Rangi, ambayo huandiki mwenyewe, unachagua katika tano zilizopangwa: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kahawia, mchanganyiko. Kisha idadi ya ng'ombe waliopotea. Mlinzi wa zizi alipokuja kuonyeshwa, alivua makubazi yake, akasimama nyuma ya kiti changu, nikamsomea rangi hizo.

"Hii mchanganyiko ni rangi gani, karani?"

"Ni zile nyingine zote, mzee."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alitoka nje kuwasimulia wenzake, nikawasikia nao wakicheka. Nilimwona mshamba. Siku mbili baadaye, karibu kila ng'ombe wa zizini alikuwa mchanganyiko, na mtaalamu alifurahi kwamba kazi ilikuwa inaenda haraka sana.

Bosi aliamuru wenye mali wote waje kuandikishwa upya. Walipanga foleni kuanzia asubuhi, wamebeba makubazi yao mkononi, na nje jenereta lilikuwa linanguruma na kula mafuta ambayo bosi alikuja kuyapima kila baada ya muda. Katika foleni ile alikuwemo mjane mmoja tuliyemfahamu mji mzima, maana ndiye aliyeleta maziwa kwenye vibanda vya chai. Mumewe alikufa kabla ya mafuriko. Mafuriko yalipokuja yalimchukulia ng'ombe aliokuwa nao: mmoja mzee, aliyekwisha kukauka, na mmoja wa maziwa, ambaye ndiye aliyekuwa anamlishia watoto. Wote wawili nilikuwa nimewaandika kwenye daftari la zamani, kila mmoja na nusu ukurasa wake.

"Mama, umepotelewa na ng'ombe wangapi?" nikamwuliza.

Alimtazama mlinzi, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu aliyesikia mtoto wa wenyewe akitukana bila kujua.

"Mungu anajua," akasema.

"Mashine haijui, mama. Inataka namba."

"Mimi hapana hesabu, mwanangu. Mungu anajua."

"Mwache, karani," mlinzi akaniambia. "Andika kitu kingine."

Kitu kingine hakikuwepo. Ukiacha nafasi ile tupu, mashine ililia na kukataa kuendelea. Daftari la zamani lilikuwa chini ya meza, karibu na goti langu. Ningeinama tu ningeona kila kitu. Lakini foleni ilikuwa imefika barabarani, na bosi alikuwa ameshachungulia mara mbili. Nikaandika moja. Moja ilikuwa karibu na kidole changu. Alipotoka mjane akaingia mwingine, naye akasema Mungu anajua, nikamwandikia moja vilevile, na baada ya hapo sikuuliza tena. Ilikuwa afadhali kwa kila mtu. Wao hawakuvunja mwiko na mimi nilikwenda kula mchana kwa wakati.

Mtaalamu alipotoa orodha kwenye printa aliishika mbele ya dirisha akaipitia. Kila mfugaji wa bonde lile alikuwa amepotelewa na ng'ombe mmoja, wa rangi ya mchanganyiko.

"Hii data ni safi sana," akaniambia. "Mara nyingi watu hutuletea vitu vimevurugika. Wewe umetulia."

Nilimshukuru.

Ule mpango wa Malindi ulisema daftari na kompyuta viende pamoja kwa miezi mitatu. Lakini siku ya uzinduzi ilikuwa inakaribia, wageni wakubwa walikuwa wanatoka Nairobi, na bosi alisema madaftari yale yenye vumbi na alama za chai yatatutia aibu. Hakuniambia niyatupe. Aliniambia yasionekane. Wazo la kuyapeleka kwa mama aliyekaanga viazi pale getini lilikuwa langu mwenyewe. Nilimbebea yote kwa mikono yangu, naye akanipa sahani ya viazi bure. Kwa wiki kadhaa watu wa Garsen walikula viazi vilivyofungwa kwa mwandiko wangu. Siku moja nilifungiwa viazi kwa karatasi yenye ng'ombe wa mabaka madogo kwenye paja la kushoto, nikajifuta nayo mafuta.

Uzinduzi ulifana. Utepe ulikatwa, mgeni akabonyeza kitufe, printa ikatoa karatasi, tukapiga makofi. Bosi alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mnyama atakayetoka zizini bila karatasi ya kompyuta. Mtaalamu alifunga virago, akatuaga kwa mkono, akapanda basi la Malindi. Neno la siri la kubadilisha maandishi yaliyokwisha kuingia aliondoka nalo. Alitueleza kuwa hiyo ni kanuni ya usalama, ili mtu wa chini asije akaharibu kazi, na mimi nilikubaliana naye kwa moyo wote, nikidhani mtu wa chini ni mwingine.

Kwa muda mambo yalikwenda. Yule ng'ombe mzee wa mjane alipatikana, mama akaja, mlinzi akamtambua, nikatoa karatasi, kiooni pakatokea neno Imekamilika. Mjane alishukuru sana, akauliza habari za yule mwingine. Mlinzi akamwambia angoje.

Yule mwingine alikuja wiki chache baadaye, ameletwa na wachungaji kutoka upande wa Witu, amekonda lakini mzima. Mlinzi alimtuma mtu siku ileile kumwita mama. Asubuhi yake nilikuwa zizini kwa mambo yangu nilipomwona akija kwa haraka, na kibuyu cha kukamia begani. Hakufika hata kwenye ua. Aliita kutoka mbali kwa lugha yake, na kati ya ng'ombe wote waliokuwa mle, mmoja aliinua kichwa, akawasukuma wenzake, akaja kusimama kwenye miti. Mama alipitisha mkono akamshika chini ya koo. Mlinzi alikuwa anacheka kwa furaha. Mimi pia nilifurahi, na nikakimbia ofisini kutoa karatasi.

Karatasi ilitoka: Mwenye mali huyu hana dai.

Nilitoa mara ya pili, nikidhani printa imekosea. Nikafungua ukurasa wake nikaiona ile moja yangu, na chini yake Imekamilika. Nilijaribu kuifanya moja iwe mbili, mashine ikaniomba neno la siri. Nikaenda posta kumpigia simu mtaalamu, nikangoja karibu saa nzima kupata laini. Alinipokea vizuri. Alinieleza kwamba mabadiliko yoyote huombwa kwa fomu maalumu, fomu hupelekwa kwenye kamati, na kamati ya mradi ilikuwa imevunjwa kwa sababu mradi ulikuwa umekwisha kwa mafanikio. Kisha akaniuliza kama Garsen kuna joto bado.

Siku ya soko ilikuwa kesho yake. Wanyama wasio na dai walikuwa na alama za chokaa ubavuni tayari, na huyu aliwekewa yake jioni, kwani kwa mujibu wa karatasi hakuwa na mtu wa kumngojea. Mama alirudi nyumbani na kibuyu kitupu.

Asubuhi ya soko alirudi, na mlinzi akamleta mpaka kwa bosi. Nitamtendea haki bosi wangu: hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akaniita, akaniomba nifunge mlango. Dirishani lilionekana lori la mfanyabiashara kutoka Malindi limeegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa zizi.

"Karani," akaniambia, "mimi naweza kumtoa huyu ng'ombe kwa sahihi yangu, mashine ipende isipende. Lakini lazima nijue kosa ni la nani. Kama ni letu, nitasaini sasa hivi. Kama mama mwenyewe alisema moja na leo anasema zaidi, nikisaini, kesho nchi nzima itakuwa hapa. Hii moja nani aliisema?"

Nimelirudia swali hilo miaka mingi, na kila mara ninalijibu vizuri. Siku ile niliwaza mambo mengine. Niliwaza kwamba nikisema mimi, atauliza na hawa wengine je, ataifungua orodha, na kila mstari wake una moja yangu. Niliwaza ile barua iliyokuwa mezani kwake, ya kupendekeza karani mmoja wa kwenda Hola kwenye mfumo mkubwa zaidi, na jina langu lilikuwa ndani yake. Niliwaza kiti cha magurudumu, ndiyo, hata hicho nilikiwaza.

"Yeye mwenyewe, bosi," nikasema. "Mimi niliandika alichosema."

Mlinzi aligeuka akanitazama. "Mimi nilikuwa hapo," akasema. "Huyu mama alisema Mungu anajua."

"Hilo si jibu, mzee," bosi akamwambia taratibu. "Mashine isingekubali. Kama ilikubali, basi namba ilisemwa."

Mlinzi hakuwa ameona nilichobonyeza, na hata angeona asingeweza kukisoma. Alinitazama tena kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama akamtafsiria, neno kwa neno, kwamba karani anasema wewe ulitaja moja.

Nilijitayarisha kwa ukelele. Nilijitayarisha kuapiwa, hata kulaaniwa, na nilikuwa nimeshapanga uso wa kuvumilia. Mama hakupiga kelele. Alikunja uso, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Aliuliza siku ile ilikuwa lini. Mlinzi akamkumbusha foleni, viatu mkononi, jenereta. Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema na mimi moja kwa moja, kwa Kiswahili chake.

"Labda nilisema. Siku ile kichwa yangu ilikuwa na msiba mingi. Wewe umeandika, wewe hapana danganya. Basi nilisema." Akashika mdomo wake kwa kiganja. "Mimi mwenyewe nilihesabu. Ndiyo sababu anakwenda."

Bosi alimtazama mlinzi atafsiriwe maana ya hayo, lakini mlinzi alikuwa ameangalia sakafu. Nje walikuwa wanapandisha ng'ombe kwenye lori, tulisikia kwato juu ya mbao. Nilikuwa na muda. Mbao zile zililia kwa muda mrefu, ng'ombe walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka meza ya bosi na kalamu yake ilikuwa wazi. Nilikaa kimya mpaka mlango wa lori ukafungwa.

Mama aliinuka. Alifika mlangoni akarudi, akaniambia ana ombi moja kwangu, dogo tu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kujua mashine. Yule ng'ombe mzee alikuwa bado yuko nyumbani, na watoto walikuwepo pia. Aliniomba niifute ile namba, isikae mle ndani na jina lake, wasije nao wakapungua.

Nikamwambia haiwezekani, mama, neno la siri liko Nairobi.